Kokwa na Kijiti: Namna Seli Hai Zinavyogawanyika na Kuzaliana

Mkulima wa Njombe au wa Rungwe anayeijua kazi yake hafukii kokwa la parachichi la Hass akitarajia kuvuna Hass. Kokwa litaota vizuri, mche utakua kuwa mti, na baada ya miaka kadhaa mti huo utazaa, lakini matunda yake yatakuwa na umbo, ganda na ladha yake yenyewe, na mnunuzi anayetafuta Hass atayakataa. Kwa sababu hiyo wenye vitalu huotesha makokwa ili wapate shina lenye mizizi imara tu, kisha mche ukifikia unene wa penseli hivi huukata na kuubebesha kijiti kilichotoka kwenye mti wa Hass unaofahamika. Kijiti kikishika, kila tunda litakalotoka juu ya kiungo hicho litakuwa Hass. Kokwa na kijiti vinaweza kuwa vimetoka kwenye mti mmoja, siku moja. Vyote viwili vimejengwa kwa seli, na kila seli iliyomo imetokana na seli nyingine iliyogawanyika. Inakuwaje basi kijiti kikahifadhi kila sifa ya mti wake, na kokwa likazichanganya upya?

Swali hili la kitaluni ndilo mlango ninaouona kuwa mwepesi zaidi wa kuingilia mada ambayo vijana wetu hukutana nayo sekondari kwa lugha ya Kiingereza, ikiwa imefungwa ndani ya orodha ya majina ya hatua, yaani profezi, metafezi, anafezi na telofezi, yanayokaririwa kabla ya mtihani na kupotea baada yake. Majina hayo yana kazi kwa mtaalamu. Kwa anayeanza, ni afadhali aulize kwanza seli inapogawanyika inagawa kitu gani, inakigawa kwa utaratibu upi, na ni nini kinachoiamuru ianze au iache.

Kugawanyika bila kupungua

Neno kugawanyika lenyewe linaweza kumpotosha msomaji. Mkoa wa Iringa ulipogawanywa mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Njombe, na Mbeya ulipogawanywa mwaka 2016 ukazaliwa Songwe, na katika kila tukio mkoa mama ulibaki na eneo dogo kuliko ulilokuwa nalo. Hivyo ndivyo tunavyoelewa kugawa: shamba la urithi likigawiwa watoto wanne, hakuna anayepata shamba zima la baba. Seli inakwenda kinyume cha mazoea hayo. Kwanza inakua, inakusanya malighafi, na inanakili maagizo yote iliyonayo. Ndipo inapojitenga kuwa mbili, kila moja ikiondoka na seti kamili ya maagizo. Umajimaji wa ndani na vijenzi vidogo vinavyoelea humo hugawanywa takribani nusu kwa nusu, na seli changa zitaviongeza zenyewe baadaye, lakini maagizo hayakatwi katikati hata kidogo.

Ilichukua muda mrefu kulitambua hilo. Mwingereza Robert Hooke aliona vyumba vidogo kwenye kipande cha gamba la mti mwaka 1665 na kuvipa jina ambalo ndilo lililotuletea neno seli, ila vyumba alivyoviona vilikuwa vitupu, kwa kuwa seli zake zilikuwa zimekwisha kufa. Karibu karne mbili zilipita kabla ya wanasayansi wa Ujerumani, Robert Remak na baada yake Rudolf Virchow, kushikilia katika miaka ya 1850 kwamba kila seli hutokana na seli iliyotangulia, na kwamba hakuna seli inayojitokeza yenyewe kutoka kwenye umajimaji usio na uhai. Mwaka 1882 Walther Flemming, aliyekuwa akipaka rangi seli za mabuu ya salamanda na kuzitazama kwa hadubini, alichapisha maelezo ya nyuzi zinazojitokeza ndani ya seli inayogawanyika na kuachana kwa mpangilio, na tukio hilo akaliita mitosisi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uzi.

Nyuzi hizo ndizo kromosomu, na ndani yake mna maagizo yenyewe, yaliyoandikwa kwenye molekuli ndefu iitwayo DNA, ambayo magazeti na mahakama zetu zimezoea kuiita vinasaba. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46, ambazo vinasaba vyake vikinyooshwa na kuunganishwa mwisho kwa mwanzo hufikia urefu wa takribani mita 2, vikiwa vimekunjwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Kitunguu kina kromosomu 16, mahindi 20, kiazi mviringo 48. Wingi wa kromosomu hauonyeshi ubora wa kiumbe, kama hesabu ya kiazi inavyotuonyesha waziwazi.

Namna ya kunakili imefichwa katika umbo la molekuli hiyo, ambalo James Watson na Francis Crick walilieleza mwaka 1953 wakitegemea pia picha za miali zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, kila uzi ukiwa na mfuatano wa vijenzi vya aina nne vinavyowakilishwa na herufi A, T, G na C, na kila mara A ya uzi mmoja huelekeana na T ya uzi wa pili, na G huelekeana na C. Anayeujua uzi mmoja ameujua na mwenzake. Seli inapotaka kunakili, vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli, huzifungua nyuzi hizo kama zipu na kila uzi hujengewa mwenzi mpya, hivyo kila nakala huwa na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya, jambo lililothibitishwa kwa majaribio ya Matthew Meselson na Franklin Stahl mwaka 1958. Kimeng'enya kinachopanga herufi hurudi kukagua kazi yake, na baada yake hupita kundi jingine la protini linalotafuta makosa yaliyosalia, kiasi kwamba mwishoni hubaki kosa moja hivi katika kila herufi bilioni moja. Ukizingatia kwamba seli moja ya binadamu hunakili herufi zipatazo bilioni 6, sijui ofisi yoyote ya masijala yenye usahihi wa namna hiyo.

Ndani ya ncha ya mzizi wa kitunguu

Anayetaka kuuona mgawanyiko kwa macho yake hahitaji kusafiri mbali. Kitunguu kimoja cha Ruaha Mbuyuni, kikiwekwa mdomoni mwa glasi ya maji ili kitako chake tu kiguse maji, hutoa mizizi myeupe ndani ya siku chache. Ncha ya mzizi huo, milimita chache za mwisho, ndiyo sehemu inayokua, na ikikatwa, ikalainishwa kwa asidi, ikapakwa rangi inayoshika kromosomu na kubonyezwa taratibu kati ya vioo viwili, hadubini ya kawaida ya shule hutosha kuonyesha seli zilizonaswa katika kila hatua ya safari yao. Nyingi zitaonekana tulivu, zikiwa na kiini cha duara kisicho na kitu cha kutazama. Utulivu huo ni wa nje tu, kwa sababu ndicho kipindi ambacho seli inakua na kunakili vinasaba. Katika seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko mzima huchukua siku moja hivi, kunakili peke yake kukila takribani saa 8, wakati tendo lenyewe la kuachana huisha kwa saa moja au karibu na hapo.

Wakati wa kuachana ukikaribia, nyuzi ndefu za vinasaba hujikunja na kujikaza mpaka zikawa vijiti vifupi vinene, kwa kuwa uzi mrefu uliotapakaa ungekatika au kunasa ukivutwa. Kila kijiti sasa kina nyuzi pacha mbili, zenye nakala mbili za maagizo yaleyale, zilizoshikamana kwa protini mfano wa pete. Utando wa kiini huyeyuka. Kutoka pande mbili za seli hutokeza nyuzi nyembamba za protini zinazorefuka na kufupika zikipapasa, mpaka kila jozi ya mapacha ishikwe na uzi wa upande huu na uzi wa upande ule, na jozi zote zijipange katikati ya seli kama wachezaji kwenye mstari wa kati wa uwanja. Hapa seli husubiri. Ikiwa hata kromosomu moja bado haijashikwa sawasawa pande zote mbili, ishara hutolewa inayozuia hatua inayofuata, na ni pale tu mvutano unapokuwa sawa kwa zote ndipo kimeng'enya maalumu hukata pete zinazoshikilia mapacha, nao huachana kwa pamoja, mmoja huku na mwenzake kule. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya kushangaza kuliko zote katika mada nzima: seli isiyo na macho wala ubongo hutambua kwamba mzigo wote umeshikwa kwa kupima mvuto wa nyuzi peke yake.

Baada ya hapo utando wa kiini hujengwa upya kuzunguka kila kundi, na seli hujitenga. Seli ya mnyama hujikaza kiunoni, kama mdomo wa kiroba unaofungwa kwa kamba, mpaka ikakatika kuwa mbili. Seli ya mmea haiwezi kufanya hivyo kwa sababu imezungukwa na ukuta mgumu, kwa hiyo hujenga ukuta mpya kuanzia katikati kuelekea kandoni. Matokeo ni yaleyale: kulikuwa na seli moja ya kitunguu yenye kromosomu 16, sasa ziko mbili, kila moja ikiwa na 16, na maagizo yao hayatofautiani isipokuwa kwa makosa machache mno ya kunakili.

Si kila kiumbe kinafuata utaratibu huo wote. Bakteria hawana kiini wala nyuzi za kuvuta. Wana kromosomu moja ya mviringo ambayo hunakiliwa, nakala mbili zikasogezwa mbali, na ukuta ukajengwa kati yao. Urahisi huo huwapa kasi, kwani baadhi yao wakipata joto na chakula vya kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20, na kwa mwendo huo bakteria mmoja angekuwa 16,777,216 baada ya saa 8, kama chakula kisingeisha na uchafu wao wenyewe usingewazuia. Hiyo ndiyo sababu maziwa yaliyoachwa usiku huganda kabla ya asubuhi. Hamira ya maandazi, na jamaa zake wanaougeuza ulanzi mtogwa, yaani utomvu mtamu wa mianzi, kuwa pombe kali ndani ya mbeta, hutumia njia nyingine tena: seli mama huotesha kichipukizi kidogo ubavuni, hukipa kiini chenye seti kamili ya kromosomu, kisha kichipukizi hujikata. Mtoto ni mdogo kuliko mama, lakini maagizo yake ni kamili. Na kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hugawanya kiini chake mara nyingi kwanza, kisha hukata seli nzima kwa mkupuo kuwa vimelea vipya 16 hadi 32, ambavyo huipasua chembe hiyo na kutoka kutafuta nyingine.

Katika mwili mkubwa, mgawanyiko una mahali pake. Mtu akipigilia msumari kwenye msonobari mchanga wa Sao Hill kwenye usawa wa kifua chake, akarudi baada ya miaka 10 na kukuta mti umepanda juu sana, msumari ataukuta palepale usawa wa kifua, huenda ukiwa umemezwa na gome. Mti hurefuka kwenye ncha tu, ambako seli zinagawanyika, na hunenepa kwa kazi ya tabaka jembamba lililo chini ya gome liitwalo kambiamu, ambalo hugawa seli mpya za mbao kuelekea ndani na za gome kuelekea nje. Mbebeshaji hodari wa miparachichi anapohakikisha kwamba tabaka la chini ya gome la kijiti limegusana na lile la shina, anakutanisha kambiamu mbili, ili seli zake zigawanyike na kuziba pengo. Zisipogusana, kijiti hukauka. Katika mwili wa binadamu vilevile, uboho wa mifupa hutoa zaidi ya chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde kufidia zile zinazokufa baada ya siku 120 hivi, ngozi na utumbo hujifanya upya mfululizo, lakini seli nyingi za ubongo wa mtu mzima haziendelei kugawanyika.

Breki, na chachu iliyopewa jina la Kiswahili

Ni nini basi kinachoiambia seli ya utumbo igawanyike na ya ubongo itulie? Jibu lilipatikana kwa sehemu kubwa kutoka kwa kiumbe ambacho jina lake lingepaswa kufahamika katika kila shule ya Afrika Mashariki. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza aina ya chachu iliyopatikana kwenye pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, chachu ambayo haichipui kama hamira bali hurefuka kama kijiti na kujikata katikati, na akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno la mwisho ni lile lile la Kiswahili analolijua kila mtu aliyewahi kuona kimea cha ulezi kikianikwa.

Katika miaka ya 1970, Paul Nurse akiwa Edinburgh huko Uskoti aliichunguza chachu hiyo, yenye kromosomu 3 tu, akitafuta seli zenye hitilafu katika kugawanyika. Alipata zilizogawanyika mapema mno zikiwa bado fupi, na nyingine zilizoendelea kurefuka bila kugawanyika kamwe, na kwa kufuatilia hitilafu hizo alifikia jeni moja, yaani kipande cha vinasaba chenye agizo la kutengeneza protini fulani, iitwayo cdc2, inayotengeneza kimeng'enya chenye mamlaka ya kuamua kwamba sasa ni wakati. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha jambo ambalo wachache wangelitarajia: chachu iliyoharibikiwa jeni hiyo ilipopewa jeni inayolingana nayo kutoka kwa binadamu, iligawanyika kama kawaida. Maana yake ni kwamba mtambo unaoamuru mgawanyiko umehifadhiwa karibu bila kubadilika tangu zama za mababu wa pamoja wa chachu na binadamu. Mmarekani Leland Hartwell alikuwa amegundua mambo yanayofanana kwa kutumia hamira, pamoja na wazo kwamba seli ina vituo vya ukaguzi ambapo husimama ikiwa kazi iliyotangulia haijakamilika. Naye Tim Hunt, mwaka 1982, aliona katika mayai ya urchini wa baharini, mnyama wa mviringo mwenye miiba, protini zinazojikusanya na kutoweka katika kila mzunguko, ambazo ndizo huwasha na kuzima kimeng'enya hicho. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Vituo vya ukaguzi ndivyo vinavyotuwezesha kuielewa saratani. Saratani si kidudu kilichoingia kutoka nje, wala si uvimbe wa kurogwa. Ni uzao wa seli ya mwili wenyewe ambayo breki zake zimeharibika moja baada ya nyingine, mpaka ikawa inagawanyika pasipo kuamriwa na kukataa kufa ilipopaswa kufa. Breki mojawapo ni protini iitwayo p53, ambayo vinasaba vikidhurika husimamisha mgawanyiko ili vikarabatiwe, au huiamuru seli ijiue. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, hutengeneza protini mbili ambazo moja huiangamiza p53 na nyingine huilemaza breki ya pili, na hivyo ndivyo maambukizi yanayodumu kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018, ikianza na wasichana wa miaka 14, huzuia virusi kuingia kabla havijafikia breki hizo, na mzazi wa Mbeya au wa Makete anayesitasita kumruhusu binti yake achanjwe anastahili kuelezwa jambo hili kwa utaratibu badala ya kukemewa.

Ujuzi huohuo unaeleza madhara ya matibabu. Vinkristini, dawa ya saratani inayotokana na mmea wenye asili ya Madagaska, huzuia kujengeka kwa zile nyuzi zinazovuta kromosomu, na hivyo seli inayojaribu kugawanyika hunaswa katikati ya safari na kufa. Lakini dawa haiwezi kutofautisha vizuri seli ya saratani na seli njema inayogawanyika kwa haraka, na ndiyo sababu dawa nyingi za namna hii hunyonyoa nywele, huchubua mdomo na utumbo, au hupunguza chembe za damu. Mgonjwa anayenyonyoka nywele hajazidiwa na ugonjwa. Dawa imezikuta seli za mashina ya nywele zikiwa kazini.

Mgawanyiko unaochanganya

Mpaka hapa tumezungumzia mgawanyiko unaohifadhi. Kama ungekuwa huo peke yake, yai lenye kromosomu 46 lingekutana na mbegu ya kiume yenye 46, mtoto angekuwa na 92 na mjukuu 184, na ndani ya vizazi vichache maisha yasingewezekana. Kwa hiyo viumbe wanaozaana kwa jinsia mbili wana mgawanyiko wa pili, uitwao meiosisi, unaotokea tu kwenye viungo vya uzazi, ambamo vinasaba hunakiliwa mara moja lakini seli hugawanyika mara mbili mfululizo, ikiacha seli nne zenye nusu ya kromosomu kila moja.

Nusu hiyo haichukuliwi ovyo. Mmea wa mahindi una kromosomu 20 ambazo ni jozi 10, katika kila jozi moja imetoka kwa mzazi wa kike na nyingine kwa mzazi wa kiume, zikibeba jeni za mambo yaleyale ingawa maandishi yake yanaweza kutofautiana kidogo. Meiosisi inapoanza, wenzi wa kila jozi hutafutana na kulala sambamba, kisha hukatwa mahali palepale na kubadilishana vipande, hivi kwamba kromosomu inayotoka hapo si ya mama wala ya baba bali ni mpya, iliyoshonwa kwa vipande vya wote wawili. Ushahidi wa wazi wa ubadilishanaji huo ulionekana kwenye mahindi yenyewe, katika kazi ya Harriet Creighton na Barbara McClintock iliyochapishwa mwaka 1931. Baada ya kubadilishana, wenzi huachana, na kila jozi huamua upande wake bila kujali jozi nyingine. Kwa jozi 10 za mahindi hiyo ni michanganyiko 1,024. Kwa jozi 23 za binadamu ni 8,388,608, kabla hata ya kuhesabu vipande vilivyobadilishana. Ndugu wa tumbo moja hawafanani kabisa kwa sababu hiyo, isipokuwa pacha waliotokana na yai moja lililorutubishwa kisha likajitenga kwa mgawanyiko wa kwanza tuliouzungumzia.

Sasa tunaweza kulifungua fundo ambalo limewasumbua wakulima wengi wa mahindi kuanzia Mbozi hadi Kilolo. Mbegu chotara hupatikana kwa kuvusha chavua kati ya aina mbili ambazo kila moja imezalishwa kwa vizazi vingi mpaka ikawa ya namna moja. Watoto wa kwanza hupata seti moja kutoka kila upande, hivyo wote wanafanana, wananyanyuka pamoja na kuzaa sana. Mkulima akihifadhi punje za mavuno hayo na kuzipanda msimu unaofuata, meiosisi imekwisha kupita ndani ya mbelewele na mahindi machanga, ikachanganya seti zile mbili upya katika kila chavua na kila yai, na shamba huota mimea mirefu kwa mifupi, inayowahi kwa inayochelewa, mavuno yakashuka. Nimesikia ikidaiwa kwamba wauzaji hutia kitu kwenye mbegu ili isirudiwe. Hakuna kilichotiwa, punje huota kabisa, ila mpangilio uliokuwa unalipiwa dukani umevunjwa na utaratibu uleule unaowafanya watoto wa mtu mmoja watofautiane.

Kiazi mviringo kinaenda njia nyingine, kwa sababu mbegu tunayoipanda Umalila au Kitulo si mbegu ya ua bali ni kipande cha shina lililonenepa ardhini, ambacho macho yake huchipua kwa mgawanyiko unaohifadhi. Kwa hiyo mkulima anaposema mbegu yake imechoka, si kwamba seli zimesahau maagizo. Kilichojikusanya ni virusi na bakteria vinavyorithishwa ndani ya kiazi kutoka msimu hadi msimu, na dawa yake ni kuanza upya na mbegu safi, ambayo maabara huweza kuizalisha kwa kukuza ncha ndogo kabisa ya chipukizi, mahali ambapo seli zinagawanyika kwa kasi na virusi huwa vichache au havipo.

Ndizi za Rungwe zinaonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo. Ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33, na tatu haziwezi kulala wawili wawili na kugawanyika sawa. Meiosisi yake hukwama, mbegu hazikui, na vitone vyeusi tunavyoviona katikati ya ndizi ni alama za mbegu zilizoshindwa. Mgomba huendelea kuishi kwa machipukizi yanayochimbwa na kupandwa kwingine, kila moja likiwa na maagizo yaleyale ya mama, na ndiyo maana ugonjwa unaoshinda mgomba mmoja wa aina fulani una uwezo wa kuishinda migomba yote ya aina hiyo kijijini.

Meiosisi hukosea pia kwa binadamu. Mayai ya mwanamke huanza mgawanyiko huu yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama katikati kwa miaka, hata zaidi ya 40 kwa baadhi yao, kabla ya kuendelea wakati yai linapokomaa. Katika kusubiri huko kote, vishikizo vya kromosomu hudhoofika, na wakati mwingine jozi hushindwa kuachana. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watu wenye hali ijulikanayo kama sindromu ya Down wana kromosomu 47, ya ziada ikiwa ni nakala ya tatu ya kromosomu namba 21. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea, ingawa watoto hawa huzaliwa na kina mama wa kila umri. Haitokani na laana wala na kosa lolote alilolifanya mama akiwa mjamzito.

Turudi kitaluni. Parachichi la Hass lenyewe halikubuniwa na mtu. Katika miaka ya 1920, mkazi mmoja wa California aitwaye Rudolph Hass alipanda kokwa ambalo wazazi wake hawakujulikana vizuri, akikusudia litoe shina la kubebeshea aina nyingine iliyopendwa wakati ule, lakini vijiti alivyobebesha havikushika na mti ukaachwa ukue wenyewe. Matunda yake yalipoonekana kuwa bora aliusajili mwaka 1935. Meiosisi ilikuwa imechanganya maagizo mara moja, kwenye kokwa lile moja, na mchanganyiko huo haujarudiwa na kokwa jingine lolote. Kilichoueneza duniani ni vijiti peke yake, kimoja kikikatwa kutoka kwenye kingine. Mti mama uliugua mizizi na kukatwa mwaka 2002. Seli zilizotokana nao zingali zinagawanyika asubuhi hii chini ya gome la kila mche wa Hass uliobebeshwa Njombe na Tukuyu.